Mahindi Yetu na Bwana Shamba Walikutana Getini

Fuso ilisimama kwenye geti la ushuru wa mazao saa kumi na moja alfajiri. Utingo akaruka chini na jiwe la kuzuia tairi, dereva akazima injini, na sisi tuliobanana mbele tukajivuta ndani ya mashuka, maana baridi ya Julai huku nyanda za juu kusini haina huruma. Nyuma kulikuwa na magunia mia moja ya mahindi. Ishirini na matatu kati ya hayo yalikuwa ya mama yangu. Tajiri aliyeyanunua alikuwa amenipa lifti hadi mjini, nikaweke fedha za mama benki kabla foleni haijawa ndefu.

Kijana mmoja akatoka kwenye kibanda cha turubai, shuka la kimasai begani, tochi mkono mmoja, mashine ya POS mkono wa pili. Akazunguka gari, akapanda kwenye tairi kuchungulia juu, akamuuliza dereva maswali mawili matatu, akabonyeza. Karatasi ikatoka na ule mlio wake mdogo wa kukwaruza. Alipokuja upande wetu kumkabidhi tajiri risiti, mwanga wa tochi ukanipiga usoni. Akasita.

"Dada, ni wewe? Mama hajambo?"

Alikuwa bwana shamba wa kata yetu.

Nilimjibu kwamba mama hajambo. Fuso ikaondoka. Mjini nikafika, benki nikamaliza, nikarudi nyumbani jioni na mkate wa mama, lakini moyoni nilikuwa bado nimesimama pale getini. Hii ni wiki ya saba sasa tangu siku hiyo, na bado sijatoka.

## Simu ya Januari

Mwezi Januari mama alinipigia simu nikiwa kazini Dar. Mama yangu si mtu wa kupiga simu saa za kazi.

"Mwanangu, kuna kitu kinakula mahindi. Majani yametoboka kama yamepigwa risasi."

Nilimpigia bwana shamba. Namba yake ninayo, na ilikuwa inaita tu. Nikapiga tena jioni, nikapiga kesho yake. Mama hakusubiri. Alikwenda duka la pembejeo, akaeleza alichokiona, akauziwa chupa mbili za dawa. Akamwita kijana wa jirani mwenye bomba la mgongoni, wakapiga dawa siku nzima, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyika saa sita mchana juani. Baada ya siku nne mashimo yalikuwa yameongezeka. Akanunua chupa nyingine.

Mwaka jana shamba lile lile lilitoa magunia thelathini na nane.

Tangu Januari hadi Julai bwana shamba hakuwahi kukanyaga shamba la mama. Hakuyaona yakiota, hakuyaona yakiliwa, hakuyaona yakikauka. Mara ya kwanza kukutana na mahindi yale yalikuwa yameshafungwa kwenye magunia, na alikuja kuyatoza ushuru.

## Makala niliyoifuta

Usiku ule ule niliandika. Niliandika kwa hasira, maneno elfu na zaidi. Niliitaja halmashauri, nikaitaja kata, na jina la yule kijana nikaliweka aya ya pili. Asubuhi nikaisoma kwa sauti nikiwa jikoni. Mama alikuwa anapepeta maharage nje. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana umemuuliza?" akasema.

Sikuwa nimemuuliza.

Nilifuta yote. Nilikuwa na siku sita za likizo zimebaki, nikampigia. Safari hii alipokea. Akaniambia zamu yake ya geti inaisha Alhamisi, Ijumaa atakuwa huru, nikitaka nije tuzunguke wote.

## Ijumaa

Anaishi chumba cha kupanga nyuma ya zahanati. Mlangoni kuna pikipiki, zile zilizotolewa mwaka 2022 wakati Rais Samia alipozindua pale Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani, yaani mabwana shamba. Nakumbuka siku ile nilifurahi kwelikweli, nikamtumia mama picha nikamwambia sasa bwana shamba hana kisingizio. Pikipiki yenyewe anaitunza vizuri, ameifunika kiti kwa mfuko wa mbolea kisichanike. Tangi lilikuwa na mafuta ya kutufikisha kijiji cha kwanza na kurudi. Vijiji vyake ni vinne.

Nilimuuliza mafuta anapata wapi.

"Nanunua mwenyewe. Mwezi mwingine huwa wanatoa. Mwezi mwingine hawatoi."

Nikamuuliza kuhusu Januari. Hili ndilo swali nililolibeba, na nililiuliza bila kulipamba. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akarudi na daftari la kaunta. Mtendaji wa kijiji kimoja alihamishwa Desemba, na yeye akakaimishwa nafasi ile. Januari ni mwezi wa watoto kuripoti kidato cha kwanza. Daftari lilikuwa na majina ya watoto ambao hawajafika shule, jina la mzazi, kitongoji, tarehe aliyokwenda, alichoambiwa. Kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa saba kulikuwa na msichana aliyekwenda kumtafuta mara nne, na mara ya nne akakuta ameshapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Akamfuata mjomba wake, mjomba akapiga simu, mtoto akarudi. Yuko darasani.

Nilikaa kimya na lile daftari mkononi.

Ningemwambia nini? Kwamba angemwacha yule mtoto aje aangalie mahindi ya mama yangu?

Alikuwa anafanya kazi. Siku zote hizo nilizokuwa namwona mzembe, alikuwa anafanya kazi ya mtu mwingine, na kazi yake aliyoisomea pale chuoni ilikuwa imelala bila mwenyewe.

"Kila Jumatatu naulizwa makusanyo," aliniambia. "Kila wiki naulizwa wanafunzi. Kwenye kishikwambi naulizwa nimeandikisha wakulima wangapi wa ruzuku. Kiwavi, dada, sijawahi kuulizwa."

## Kiwavi mkononi

Mchana tulipita kwa mama. Kwetu, kiangazi tunalima vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayoshika unyevu wakati milimani pamekauka. Mama ana kinyungu cha mahindi ya kuchoma, kipande kidogo tu. Bwana shamba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia.

Hakuangalia majani yaliyotoboka. Aliinama akachungulia katikati ya mhindi, kwenye moyo wake, pale majani machanga yanapochipukia yakiwa yamejiviringa. Palikuwa na uchafu wa rangi ya kahawia, kama maranda ya mbao yaliyolowa. "Hiki ni kinyesi chake," akasema. Akafunua jani moja baada ya jingine kwa kucha, taratibu, akamtoa kiwavi akamlaza kiganjani.

Mama akasogea. Mimi nikasogea.

"Shika hapa uone, mama. Kichwani kuna alama nyeupe, kama panda ya manati iliyopinduliwa. Huku nyuma, karibu na mkia, kuna vidoti vinne, vimekaa kama pembe za meza. Ukiona hivyo viwili, huyu ni kiwavijeshi vamizi. Siyo yule wa zamani."

Yule wa zamani mama anamjua. Huja kwa makundi, hutembea ardhini kama jeshi kweli, na akipita kila mtu kijijini anajua amepita. Huyu mgeni alianza kuonekana Afrika mwaka 2016 akitokea Amerika, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu kwenye jani, fungu moja linaweza kuwa na mayai mia moja na zaidi, na hufunikwa na manyoya mepesi mithili ya ukungu. Baada ya siku chache yanaanguliwa. Wakiwa wadogo hukwangua jani juu juu, linabaki kama limebanduliwa ngozi, na hapo ndipo dawa inawaweza. Wakikua huzama ndani ya moyo wa mhindi, kinyesi chao kinaziba juu, na dawa haiwafikii tena. Tena mchana wa jua kali wamejificha. Wa kuwapiga ni asubuhi mapema au jioni, na bomba lielekezwe kwenye moyo.

Maelezo yote hayo yalichukua kama dakika ishirini.

Mama alikuwa anamtazama yule kiwavi. Nilijua anachopiga hesabu: chupa tatu za dawa, kibarua wa bomba, saa sita mchana, magunia kumi na tano ambayo hayakuvunwa.

"Mwanangu," alimwambia bwana shamba, kwa sauti ya upole kabisa, "haya ungeniambia Januari."

Kijana aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Na mama hakurudia.

## Pikipiki ya huyu, mafuta ya yule

Niliporudi Dar nilianza kuuliza watu, kusoma, kuuliza tena. Nilitaka kujua bwana shamba ni wa nani.

Nilidhani ni wa Wizara ya Kilimo. Si wa wizara. Mwajiri wake ni halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara inatunga sera, ina watafiti wake wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Uyole na kwingineko, inasimamia ruzuku ya mbolea, na pikipiki na vishikwambi vimekuja kwa mkono wake. Lakini anayempangia kazi asubuhi ni mkurugenzi wa halmashauri, na huko ndiko yanakotakiwa kutoka mafuta ya kuisukuma hiyo pikipiki.

Katikati yao kuna mkoa.

Nilikwenda na mkoani, nikiwa bado na siku mbili za likizo. Sitataja ni mkoa gani, maana mtu aliyenipokea alinipokea kwa heshima na hakuficha kitu. Ofisi yenyewe ni sehemu ya Sekretarieti ya Mkoa, kitengo cha uchumi na uzalishaji, na watu wa kilimo wenyewe unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukutani kulikuwa na ramani ya mkoa yenye rangi za mazao. Nilimuuliza, mzee, ukiona halmashauri imewaweka maafisa ugani getini msimu mzima unafanya nini?

"Tunaandika barua. Tunashauri."

Wakikataa?

"Tunashauri tena."

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1972 serikali ilipoleta madaraka mikoani, mkoa ndio uliokuwa na nguvu. Serikali za mitaa zilivunjwa, na mkurugenzi wa maendeleo wa mkoa alikuwa na wataalamu wake na bajeti yake. Mwaka ule ule ndipo lilipotoka Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Halmashauri zikarudi mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982. Kisha Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ikaupunguza mkoa ukabaki mshauri na msimamizi, na wataalamu wa ugani wakahamia halmashauri, karibu na wananchi. Nasema karibu na wananchi bila kejeli. Lilikuwa wazo zuri. Lengo lilikuwa bwana shamba awajibike kwa watu anaowahudumia, kupitia diwani wao, badala ya kusubiri amri kutoka mbali.

## Nilipotaka yarudi ya zamani

Kwa wiki mbili nzima niliamini jibu ni kuwarudisha maafisa ugani wizarani. Tuwatoe halmashauri, wawe na amri moja kutoka juu, kazi yao iwe kilimo tu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa tatu za makala hiyo pia.

Kilichonisimamisha ni baba mdogo. Nilimpigia kumuuliza habari za bwana shamba wa enzi zao, nikitegemea hadithi tamu. Nusu yake ilikuwa tamu kweli. Miaka ya sabini na themanini mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo iliyoibeba nchi kwa mahindi, na bwana shamba aliishi kijijini, alikuwa na shamba la mfano karibu na ofisi, watu wanapita wanaona mistari ilivyonyooka, wanakwenda kuiga.

"Lakini tulikuwa tunamwogopa," akasema.

Kwa nini, baba?

"Alikuwa na amri. Kila kaya iwe na ekari zake, akija akikuta hujafikisha, unapelekwa. Mzee wetu aliwahi kujificha akijifanya anachimba choo, kumbe anakimbia kukaguliwa."

Na hilo lilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Wakati wa mkoloni, Waluguru wa Morogoro walilazimishwa kutengeneza matuta ya ngazi kwenye milima yao, na bwana shamba ndiye aliyesimama kukagua. Mwaka 1955 Uluguru ikalipuka kwa ghasia, na mpango ule ukafa. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli, na kuuokoa lilikuwa jambo la maana. Ila yule bwana shamba alikuwa akijibu kwa Mwingereza, na mwenye mlima hakuwa na pa kusema.

Kwa hiyo bwana shamba wa babu alikuwepo shambani, tena kila siku, lakini macho yake yalikuwa kwa aliyemtuma. Wa leo hayupo shambani, na macho yake pia yako kwa aliyemtuma. Nilikuwa nataka kumrudisha kwa bwana wa zamani kwa sababu tu bwana wa sasa amenikera.

Nilizifuta na kurasa zile tatu.

## Hesabu ya fuso moja

Kazi yangu ni uhasibu, na nikikwama huwa narudi kwenye namba.

Ile fuso ilibeba tani kumi. Bei ya siku ile ilikuwa shilingi 700 kwa kilo, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa shilingi milioni 7. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Asilimia 2 ya milioni 7 ni shilingi 140,000.

Bwana shamba wetu aliniambia akizunguka vijiji vyake vinne ipasavyo anatumia kama lita kumi kwa wiki. Ni lita arobaini kwa mwezi. Weka lita moja shilingi 3,200, unapata 128,000.

Fuso moja. Ushuru wa fuso moja unamzungusha bwana shamba mwezi mzima na chenji inabaki.

Alfajiri ile, wakati tunasubiri risiti, nyuma yetu zilikuwa zimesimama fuso nyingine nne.

Najua halmashauri itanijibu nini, na jibu lake nimelifikiria kwa haki. Kodi ya maendeleo, ile tuliyozoea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna mwanakijiji anayeililia. Kisha ushuru wa mazao nao ukapunguzwa, na mimi mtoto wa mkulima siwezi kulalamika. Halmashauri ya vijijini haina hoteli, haina viwanda, haina majengo marefu ya kutoza. Ina mahindi. Hapo hapo inatakiwa ijenge madarasa, imalizie zahanati, ilipe posho za vikao. Mkurugenzi anapimwa kwa makusanyo, na aliyepimwa kwa makusanyo atatafuta watu waaminifu wa kukusanya. Anawapata wapi? Bwana shamba ni mwajiriwa, anajua kuandika, anawajua wakulima kwa majina, anajua nani amevuna kiasi gani. Ndiye mtu bora wa kukaa getini.

Ndivyo alivyofika pale. Sifa zile zile zinazomfaa shambani ndizo zilizompeleka kwenye turubai.

Miongozo imekuwa ikizitaka halmashauri zirudishe sehemu ya mapato ya mazao kwenye kilimo. Nimeuliza kwetu kiasi gani kimerudi msimu uliopita. Nimeuliza ofisi ya kata, nimemuuliza diwani, nimeandika barua halmashauri na nakala ninayo yenye muhuri wa kupokelewa. Bado nasubiri. Nitaendelea kuuliza.

## Jirani

Wenzetu Kenya walikata shauri tofauti. Katiba yao ya mwaka 2010 iliziachia kaunti kazi ya kilimo, sera ikabaki serikali kuu, na tangu 2013 kila kaunti kati ya 47 ina idara yake ya kilimo, yenye waziri wa kaunti anayehojiwa na bunge la kaunti na bajeti inayopitishwa hapo hapo. Kaunti ya Makueni walitumia nafasi hiyo kujenga kiwanda chao cha kusindika maembe pale Kalamba, kwa sababu embe ndilo zao lao. Rafiki yangu wa huko ananiambia maafisa ugani wao nao ni wachache na wengi wanastaafu bila kuzibwa nafasi zao. Sikumtafuta ili nipate mfano wa kuwasuta watu wetu. Nilichokipenda ni kwamba mkulima wa Makueni anajua mlango wa kugonga. Mama yangu ana milango mitatu, na kila mlango unamwelekeza mwingine.

## Mkutano wa Agosti

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa Agosti kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti ni mtu muungwana, alikubali ajenda yangu iingie kwenye mengineyo, baada ya maji na kabla ya mifugo inayozurura. Mama aliniambia nisiongee mimi.

"Wewe wa Dar watakusikiliza na kukusahau. Acha niseme mimi."

Alisimama na kanga yake ya kiunoni, akaeleza habari ya kiwavi. Hakumtaja bwana shamba kwa ubaya, na kijana mwenyewe alikuwa amekaa pembeni. Alieleza alama ya panda, vidoti vinne, kinyesi kama maranda, saa za kupiga dawa. Watu walikaa kimya. Kisha akasema mahindi yetu yanalipa ushuru kila mwaka, anaomba kijiji kiandike kwenye muhtasari mambo mawili: kuanzia Novemba hadi Machi bwana shamba asipangiwe kazi nyingine, na mafuta yake yatoke kwenye ushuru wa mahindi yenyewe. Mzee mmoja akauliza, je, watoto wa kidato cha kwanza atawafuata nani? Swali la haki. Palitokea mabishano marefu, na mwisho walikubaliana kuongeza jambo la tatu, kwamba nafasi ya mtendaji ijazwe.

Muhtasari uliandikwa. Ulisainiwa. Umekwenda kata, na kutoka kata unatakiwa kwenda halmashauri, na pale nakala yake nimeiomba ipelekwe mkoani, kwa yule mzee wa ramani. Angalau safari hii atakapoandika barua ya kushauri awe na karatasi ya kijiji mkononi.

Nina mashaka? Ninayo mengi. Novemba ni keshokutwa tu, na bajeti ya mwaka huu ilishapitishwa. Inawezekana mvua ikaanza kunyesha na kijana akiwa bado anahesabu magunia ya mwisho au anakaimu kijiji kingine.

Jumamosi iliyopita, siku ambayo si ya kazi kwake, alikuja kwenye vinyungu. Mama alikuwa amewaita majirani, wanawake tisa. Sikuwepo. Mama alinisimulia kwa simu akiwa bado bondeni, nikisikia maji yakipita na watu wakiitana kutoka mstari hadi mstari.

"Tumeyaona mayai, mwanangu. Yako chini ya jani, yana manyoya kama ukungu. Mama Neema kayapata mafungu matatu, mimi nimepata mawili, tumeyaponda kwa vidole."

Na bwana shamba?

"Yuko kule mwisho, anawaonyesha watoto. Haya, nitakupigia baadaye, kuna mstari sijaumaliza."